Maandishi ya bango yanatoka na meno meno: tatizo ni faili au ni mashine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina steshenari ndogo hapa Nyegezi, Mwanza, na siku hizi wateja wananiletea kazi za mabango na kadi. Juzi nilimtengenezea mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba bango la mita 3 kwa mita 1.5. Nyuma niliweka picha ya machweo niliyopiga pale Jiwe la Bismarck, ndani ya Ziwa Victoria, juu yake nikaweka maandishi. Kwenye kompyuta lilipendeza. Lilipochapwa, herufi zilitoka na meno meno, zimenenepa, na mstari wa katikati unapotelea kwenye maji, hausomeki. Mwenye mashine anasema tatizo ni faili langu, mimi naona ni mashine yake. Faili lilikuwa pikseli 1920 kwa 1080, nikamtumia JPEG kwa WhatsApp. Natumia GIMP, ile programu ya bure ya picha, mara mojamoja Photoshop ya rafiki yangu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Mwenye mashine yuko sahihi, na ushahidi uko kwenye namba ulizonipa mwenyewe.

Upana wa faili lako ni pikseli 1920, yaani vidoti 1920 vya rangi, na upana wa bango ni milimita 3,000. Gawanya, utaona kila pikseli imelazimika kufunika milimita 1.56 ya turubai. Chukua rula, pima ukingo wa herufi yenye mshazari kama A au W. Utakuta vingazi, na kila kingazi kina ukubwa wa karibu hivyo. Hayo ndiyo meno unayoyaona. Sasa gawanya kimo: milimita 1,500 kwa pikseli 1080, unapata 1.39. Hazilingani. Faili lako lilikuwa na umbo la skrini ya kompyuta, 16 kwa 9, wakati bango upana wake ni mara mbili ya kimo. Ili kulijaza turubai, picha ikavutwa kwa pembeni, na kila kilichomo kikatanuka kwa asilimia 12.5. Herufi O iliyokuwa duara imekuwa yai lililolala. Ndiyo maana unasema zimenenepa.

Ongeza na WhatsApp. Picha ukiituma kama picha inabanwa njiani, kwa hiyo huenda hata hizo pikseli 1920 hazikumfikia zote.

Wengi wakishaambiwa hivi hukimbilia kuongeza pikseli. Wanafungua faili la pikseli 100 kwa kila inchi, ambalo kwa bango lako lingekuwa 11,811 kwa 5,906, kompyuta inaanza kukoroma, kila kitendo kinachukua dakika nzima, na wakimaliza wanashindwa hata kulituma. Mimi sikushauri uanzie huko. Kitu cha kushika ni hiki: picha na maandishi si vitu vya aina moja, hata kama umeviona vimekaa pamoja kwenye skrini. Picha yako ya machweo imeundwa kwa pikseli na haiwezi kuwa vinginevyo. Herufi, kabla hujaiharibu, ni mchoro wa hesabu, yaani mistari na mikunjo ambayo programu inaweza kuichora upya kwa ukubwa wowote, iwe kwenye kadi ya mkononi au kwenye ukuta wa ghorofa, na ukingo wake ukabaki umenyooka. Wenyewe tunaita vekta. Kazi yako wewe ni kuhakikisha maandishi yanabaki maandishi mpaka dakika ya mwisho, na ikiwezekana mpaka ndani ya mashine ya kuchapa.

Zamani hilo halikuwezekana ndani ya programu za picha. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na kwa miaka mingi ulikuwa ukishaandika neno linageuka pikseli hapohapo. Umekosea herufi moja, unafuta, unaanza upya. Toleo la 5 la mwaka 1998 ndilo lililoleta maandishi ya kurudiwa na kusahihishwa. Leo tunayo hayo yote bure, lakini bado tunayavunja wenyewe bila kujua, na kila programu ina mahali pake pa kuyavunjia.

Kwenye GIMP, mahali penyewe ni kile kifaa cha kukuza na kupunguza. Ukiandika DAGAA kisha ukalivuta kwa kifaa hicho liwe kubwa, leya ya maandishi, yaani tabaka lililobeba neno hilo, inageuka pikseli za kawaida. Hutaona tofauti mara moja, ila vuta tena mara ya pili na ya tatu, utaona ukingo umeanza kuwa na ukungu. Ukitaka neno liwe kubwa, rudi kwenye kifaa cha maandishi, ubadilishe namba ya ukubwa wa fonti. Ni hivyo tu. Kivuli nacho, kwenye toleo la 2.10, kinaweza kuyeyusha maandishi, kwa hiyo kabla hujakiweka rudufu leya, ile ya asili ifiche kwa kuzima alama ya jicho iliyo pembeni yake, ibaki chini kama akiba. GIMP 3.0 ya mwaka 2025 imeondoa sehemu kubwa ya shida hii: vivuli na madoido mengine unaweza kuyaweka na kuyatoa huku maandishi yakiwa bado hai, na unaweza kuzungushia herufi mstari bila kuzivunja. Kama kompyuta yako inalibeba, lipakue.

Photoshop ya rafiki yako haina shida hiyo ya kuvuta; Ctrl na T inakuza maandishi bila kuyavunja. Shida yake ni amri ya "Rasterize Type", yaani kugeuza maandishi kuwa pikseli. Ukitaka kutumia kichujio fulani inakuomba ruhusa, watu wanabonyeza ndiyo haraka haraka, na hapo maandishi yamekwisha. Kataa, au rudufu kwanza.

Jambo lingine linalowachanganya wengi ni ile namba ya ukubwa. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo Photoshop inahesabu kwa inchi za karatasi, si kwa pikseli. Faili likiwa la pikseli 72 kwa inchi, herufi ya pointi 72 inapewa pikseli 72. Faili likiwa la 300, pointi zilezile 72 zinapewa pikseli 300. Ndiyo maana unaandika ukubwa uleule kwenye kazi mbili, huku maandishi yanajaa skrini, kule yanaonekana kama sisimizi. Faili halijaharibika. Angalia kwanza pikseli kwa inchi ni ngapi, ndipo uandike.

Sasa kwa bango kama lako, njia ninayoiamini ni ya programu mbili. GIMP ishike picha, Inkscape ishike maandishi. Inkscape ni ya bure kama GIMP, na yenyewe inafanya kazi kwa vekta tangu mwanzo hadi mwisho. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina takriban pikseli 4,000 kwa 3,000. Ikate kwenye GIMP iwe 4,000 kwa 2,000, umbo lilelile la bango lako, irekebishe mwanga na rangi, ihifadhi. Fungua Inkscape, weka ukurasa wa sentimita 300 kwa 150, ingiza picha, kisha andika maneno yako juu yake. Picha itakuwa na pikseli 34 hivi kwa kila inchi. Ni chache, lakini mawingu na maji havina kingo kali, na mtu anayelitazama bango toka ng'ambo ya barabara hataona upungufu. Kwenye herufi ndipo jicho haliwi na huruma, na herufi zako hapo zitakuwa safi kabisa.

Ukimaliza, toa PDF, na kwenye dirisha la kutoa faili chagua maandishi yageuzwe kuwa michoro. Ukiacha hivyohivyo na mwenye mashine hana fonti uliyotumia, kompyuta yake inaweza kuweka nyingine inayoijua yenyewe, na bango likatoka na sura ambayo hukuichagua. Lakini faili la kazi, lile lenye maandishi hai, usilifute. Wateja wa mabango hubadilisha namba ya simu saa ileile unayotaka kutuma.

Nije kwenye mstari uliopotelea majini, maana hapa ndipo kazi ya mikono na macho ilipo, na hakuna programu itakayokufanyia.

Fikiria picha yenyewe. Umesimama ufukweni, jua linazama nyuma ya ziwa, jiwe limekuwa jeusi, na kutoka kwenye jua hadi miguuni kwako kuna njia ya mwanga juu ya maji. Ile njia ni mchanganyiko wa vipande vyeupe kabisa na vipande vya giza kabisa, vimelala bega kwa bega. Ukiweka herufi nyeupe hapo, nusu ya kila herufi inamezwa na vipande vyeupe. Ukiweka nyeusi, inamezwa na mawimbi. Hakuna rangi itakayokuokoa mahali pale. Nina hakika mstari wako wa katikati ulipita palepale, kwa sababu katikati ndipo mkono unapokwenda wenyewe.

Hamisha maneno. Kwenye picha ya machweo sehemu tulivu ni mbili: anga la juu, ambako rangi inabadilika polepole bila vurugu, na mwili wa jiwe lenyewe likiwa limesimama dhidi ya mwanga. Jina la biashara liende angani, kwa rangi nyeupe au ya manjano iliyofifia. Simu iende chini penye giza. Maji yaache yang'ae, ndiyo uzuri wa picha. Uonapo picha ya mchana mambo yanabadilika: mawe yetu ni ya kijivu cha katikati, yana madoa meupe ya kinyesi cha ndege, na juu ya kijivu cha namna hiyo nyeupe na nyeusi zinakuwa na nguvu sawa, hakuna inayotawala. Usiandike juu ya mawe mchana.

Kama mteja anang'ang'ania maneno yakae pale anapotaka yeye, weka leya moja kati ya picha na maandishi. Chukua rangi kutoka kwenye kivuli cha picha hiyohiyo, buluu ya giza au kahawia, usichukue nyeusi ya kopo. Imwage kwa mtelemko, nzito upande mmoja na kufifia hadi kutoonekana upande wa pili, kisha shusha uzito wa leya (Opacity) hadi asilimia 50 au 60. Macho ya mtazamaji yataona jioni imekolea kidogo tu, na herufi zitasimama. Unaweza pia kuchagua kipande cha maji nyuma ya maneno, ukalainisha mipaka ya uteuzi, ukakitia ukungu. Vyote viwili ni bora kuliko tulichokizoea mitaani: herufi nyekundu, mstari mweupe, mng'ao wa njano nje yake, kivuli cheusi chini. Kila kimojawapo kiliwekwa ili neno lisomeke, na vyote pamoja vinalizika. Ukilazimika kuzungushia herufi mstari, uwe mwembamba, na uweke nje ya herufi. Ukiuweka katikati ya ukingo unakula unene wa herufi.

Kupima ni rahisi. Geuza picha nzima iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Maneno yakipotea, ujue ulikuwa unategemea tofauti ya rangi bila tofauti ya mwanga, na mtu aliye mbali au mwenye macho hafifu hatasoma. Nyekundu juu ya buluu huanguka mtihani huu mara nyingi sana. Kuna kipimo cha kimataifa kwa kurasa za intaneti kinachotaka mwanga wa maandishi na wa nyuma yake utofautiane angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Si sheria ya mabango, ila nakitumia kama sakafu.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Programu hizi hazikutengenezwa zikikifikiria, na fonti nyingi za bure ndiyo kabisa. Kabla hujaipenda fonti, iandikie mstari huu: Ng'ombe wa Nyang'hwale 15,000/= namba 0123456789. Baadhi ya fonti za mapambo hazina ritifaa, ile alama ya ng', zinaweka kisanduku kitupu au zinaazima alama toka fonti nyingine, na ukitazama kwa karibu utaona kialama chembamba kimekaa kati ya herufi nene. Nyingine zinayo, lakini imezungukwa na uwazi mpana, hivyo bucha inaandikwa NG' OMBE kama maneno mawili. Weka kishale kati ya alama na O, shikilia Alt, bonyeza mshale wa kushoto hadi uwazi ufunge. Vitufe hivyo vinafanya kazi kwenye GIMP, Inkscape na Photoshop.

Vitufe hivyohivyo vitumie kwenye herufi kubwa za kichwa. Andika MWANZA kwa herufi kubwa nene, ulitazame. A na N zinakaribiana vizuri. W na A zina mshazari, na kama fonti haina vipimo vizuri shimo linaonekana kati yao, neno linakuwa kama limepasuka. Kiswahili kimejaa WA, YA na VY, kwa hiyo jambo hili litakurudia kila siku. Kwenye maandishi madogo usihangaike nalo, ila kwenye neno la sentimita 30 shimo dogo linakuwa sentimita nzima.

Mistari nayo ikate kwa maana. DAGAA WA, kisha chini yake ZIWA VICTORIA, haisomeki vizuri, kwa sababu WA amebaki ananing'inia. DAGAA juu, WA ZIWA VICTORIA chini, ndivyo mtu anavyotamka. Kwenye aya ndefu za kipeperushi, zima kabisa ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu inakata kwa kanuni za Kiingereza, na neno kama wanakaribishwa linaweza kukatwa katikati ya silabi. Na neno refu lisipoenea, usilibane kwa pembeni. Chukua fonti iliyozaliwa nyembamba, kama Oswald au Barlow Condensed. Zote mbili ni za bure hata kwa kazi ya biashara.

Kuhusu kutuma: PDF kwa bango na kadi, PNG kwa kitu cha kuwekwa mtandaoni chenye maneno. JPEG inagawa picha katika vijimraba vya pikseli 8 kwa 8 na kurahisisha kilichomo; mawingu yanavumilia, lakini pembeni mwa herufi unabaki kama vumbi. Ukitumia WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha. Hapo faili linafika lilivyo.

Kadi nitakwambia moja tu. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa kuwa rangi za uchapaji mara nyingi inakuwa mchanganyiko wa wino zote nne, na karatasi ikiyumba kidogo tu kwenye mashine, jina la bibi harusi linatoka na ukingo wa rangi. Mwambie mchapaji hivyo, ataelewa.

Kwa bango la mtu wa dagaa, ukilirudia, punguza maneno. Watengeneza mabango wana kanuni ya inchi moja ya kimo cha herufi kwa kila futi 10 za umbali. Mtu akiwa kwenye daladala mita 30 kutoka kwenye bango, unahitaji herufi za sentimita 25. Bango lako lina sentimita 150 za kimo. Toa sentimita 10 kila upande kwa ajili ya pindo na vishimo vya kamba, zinabaki 130. Kwa hiyo mistari mitatu ya ukubwa huo, na uwazi wa kutosha kati yake, basi. Anachouza, mahali alipo, namba ya simu iliyogawanywa tarakimu nne, tatu, tatu. Orodha ya bei na aina za dagaa ziende kwenye kipeperushi cha kugawa mkononi.

Kabla hujalipeleka kuchapwa, una printa hapo dukani. Chukua kipande cha PDF kinachotosha karatasi ya A4, kichape kwa ukubwa halisi, asilimia 100, bila kukipunguza kienee. Herufi moja tu itajaa karatasi, pengine isienee yote. Ibandike ukutani nje, vuka barabara uitazame kutoka ng'ambo, kisha rudi uiangalie ukingo wake kwa karibu. Ukiwa umenyooka, mpelekee mwenye mashine.